Hasara ya Kuwa na Watoto Wazima

Fundi makochi mmoja mwenye kipara, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, alikuwa na donda moja rohoni: watoto wake hawaumwi.

Mwaka mzima amewalipia bima ya hospitali ya binafsi, na mwaka mzima wamedunda kama mpira. Hata kikohozi cha kuzugia hakuna! Bima inakwisha kesho. Aendelee, au aachane nayo?

"Tulipie tena, baba watoto," alisema mkewe.

"Tuwalipe watu wa bima kwa lipi? Tumekula nini chao?"

"Kwani kochi lako lisipovunjika, mteja anakuja kudai hela zake?"

Sponji akaona amebanwa, na mwanamume aliyebanwa ni hatari. Akaacha kiti nusu uchi pale karakanani, akawakokota wanawe wawili hospitali, bima itumike kabla haijafa.

"Baba, mimi siumwi," alilalama binti.

"Nyamaza. Unajuaje? Umesomea?"

Daktari akawapima vifua, masikio, mpaka ndimi.

"Mzee, hawa wazima kabisa."

Sponji alikuwa bado na vimisumari mdomoni, maana fundi makochi huvibana huko ili mikono ibaki na nyundo na kitambaa. Akavisukuma kwenye shavu. "Tazama tena, daktari. Huyu mdogo anachechemea."

"Nacheza kidali, baba, naruka kwa mguu mmoja."

"Hata minyoo hawana?"

"Hata minyoo."

Sponji akavuta pumzi ya uchungu, na msumari mmoja ukaifuata pumzi hiyo hadi kooni, halafu chini. Macho yakamtoka.

Hapo ndipo hospitali ilipochangamka. Akapigwa picha, akalazwa chali, akapigwa picha nyingine. Msumari ulikuwa umetulia tumboni kama mgeni aliyekaribishwa. Daktari akasema utatoka wenyewe, asubiri tu. Kadi ya bima ikarudishwa kwa heshima: inahusu watoto peke yao. Risiti yake ilikuwa ndefu kuliko ugonjwa. Msumari mmoja ulikuwa umekula karibu bima ya watoto wawili ya mwaka mzima.

Jioni mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Cheka tu," alisema Sponji, amejishika tumbo. "Ukimaliza, mpigie yule wakala wa bima. Watoto tunawalipia."

"Kumbe!"

"Na umuulize, mama watoto, kwa upole... hawapokei mtoto mwenye kipara?"