Moto Ndani ya Mdomo wa Bibi

Harufu ya majani ya tumbaku yaliyoning'inia juu ya mafiga, yakikaushwa na moshi wa kuni, ndiyo iliyonilea kijijini kwetu Kemambo. Hata leo nikiinusa dukani, hugeuka nyuma kumtafuta bibi. Bibi mzaa baba alivuta sigara yake ya kusokota kwa kuigeuza, moto ndani ya mdomo, kama wanawake wengi wa umri wake, ili mikono ibaki na jembe na upepo usiuzime moto. Sisi watoto tuliona ni ufundi mkubwa. Mimi nilijaribu kwa bua la mtama, lakini hayo tuyaache.

Msimu wa palizi mama alijifungua mdogo wangu Mwita, na aliporudi shambani mtoto alibaki mgongoni kwa bibi, moshi ukimpitia puani. Akaanza kukohoa. Kifua kikalia kama filimbi, mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Mama alisimama mlangoni na jembe lake. Kwetu mkamwana hamkanyi mama mkwe. Angeweza kurudishwa kwao. Akanitazama mimi, muda mrefu. Nikaelewa, maana mjukuu ana utani na bibi yake: mimi bibi aliniita mke mwenza, na Mwita mume wake.

Nikamwambia bibi: "Mke mwenza, mume wetu anakosa pumzi kwa moshi wako. Akifa, utaolewa na nani na meno hayo?"

Bibi hakucheka. Akamshusha mtoto, akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza. "Mpeleke mume wangu zahanati," akamwambia mama, akatoka nje na sigara yake. Hakuvuta tena karibu na mtoto. Mwita alipona, leo ana ng'ombe wengi, na maneno mengi kuliko ng'ombe. Lakini bibi mwenyewe hakuacha. Miaka baadaye alinifungulia mdomo nione: juu, kwenye kaakaa, pale moto ulipokuwa ukikaa, kidonda kisichopona. Alikufa hata uji haupiti.

Mimi shule niliishia darasa la pili, sumu zote sizijui. Nesi wetu anasema moshi una lami inayoganda mapafuni, hewa chafu inayoiba nafasi ya pumzi kwenye damu, na nikotini inayomfunga mtu asiache. Mjukuu wangu, bodaboda wa Nyamongo, anasema sigara yake ina kichungi, siyo ile ya kizamani. Juzi alikuja, mtoto wake mchanga mapajani, sigara mdomoni, mkewe amesimama mlangoni, akinitazama.

"Mume wangu," nikamwambia, "fungua mdomo nione."

Akacheka. Mtoto akakohoa, naye akaacha kucheka. Akaizima sigara chini ya kiatu, lakini mdomo hakufungua.