Mchanga Katika Sufuria ya Shangazi

Sauti ya waya wa kusugulia ikikwaruza chuma hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi mkwe wangu aliunguza vitunguu vya pilau katika sufuria yangu nzito, ile ya chuma iliyopakwa enameli nyeupe ndani. Akaketi uani na waya wake akaanza: kwaru, kwaru, kwaru. Nilimpigia kelele hadi majirani wakachungulia. Maskini, alidhani naionea uchungu sufuria. Yeye sijamweleza. Acheni niwaeleze ninyi.

Kwetu ni Ndera, kando ya Mto Tana. Miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, mwanamke wa kijijini petu alipimwa kwa vyombo vyake. Ulivipeleka mtoni, ukachota mchanga wa ukingoni na jivu kidogo, ukasugua kwa maganda makavu ya mgomba mpaka masizi yote yakatoka na sufuria ikakuonyesha meno yako. Kisha ulivifudikiza juu ya uchanja mbele ya nyumba, apitaye aone. Vya mama yangu viling'aa kuliko vyote, naye alijua.

Shangazi Hawa, dada ya baba, alikaa Garsen. Mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa serikali, na Mzungu huyo alipohamishwa aliwaachia sufuria moja: buluu nje, nyeupe ndani, nzito kama jiwe la kusagia. Shangazi alikuja nayo kwa mtumbwi, ameipakata kama mtoto mchanga. Ndani, chini kabisa, ilikuwa na doa pana la rangi ya kahawia iliyokolea, mabaki ya maharage aliyoyasahau motoni.

"Wifi," akamwambia mama, "sifa za mikono yako zimefika Garsen. Ijumaa naondoka. Niikute nyeupe."

Kisha akanigeukia. "Lakini aisafishe huyu Habiba. Nataka kuona kazi yake. Nikiridhika naondoka naye, nikamtie shule."

Baba alifurahi mpaka akapiga makofi. Shule nilikuwa nimeiona mara moja tu, tulipokwenda Garsen kuuza ndizi. Nilisimama dirishani nikasikia watoto wakisoma herufi kwa sauti moja, na tangu siku hiyo nilikuwa nachora mikunjo mchangani na kudanganya wadogo zangu kwamba najua kuandika. Mama alijibu maneno mawili tu: "Haya, wifi."

Asubuhi aliniita. "Chukua ule mchanga mkali wa chini ya ukingo. Usiihurumie."

Sikuihurumia. Nilisugua siku tatu. Jua lilinichoma mgongo, vidole vikachubuka ncha, maji ya mto yenye tope jekundu yakanipanda mpaka mapajani. Siku ya pili alipita mama mmoja Muorma, muuza maziwa, na kibuyu chake begani. Alisimama akanitazama kwa muda mrefu.

"Wewe mtoto," akasema, "hii sufuria imekukosea nini?"

"Naitoa doa."

"Sisi safisha chombo na moshi. Nyinyi napiga yeye na mchanga. Iko siku taomba msamaha!" Akaenda zake akicheka.

Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuangalia mambo, na siku hiyo hiyo niliona. Doa lilikuwa linapungua, kweli, ila weupe nao ulikuwa unakufa. Mahali palipokuwa laini kama ganda la yai, sasa ukucha wangu ulinasa. Nilikimbia nyumbani.

"Mama, inachubuka."

Mama alikuwa anatwanga mpunga. Hakuinua uso. "Sugua."

Ijumaa shangazi aliingiza mkono ndani ya sufuria, akautoa, akauingiza tena. Weupe ulikuwa umegeuka rangi ya jivu, wenye mikwaruzo elfu, na ukingoni pamebanduka kipande pale nilipoigonga kwenye jiwe.

"Hii ni kazi ya mtu au ya fisi?" akapiga ukelele. "Mmeichuna! Kitu cha Mzungu mnakisugua kama chungu cha ugali! Wee Habiba, nani alikwambia utumie mchanga?"

Nilimtazama mama. Sikuwa na haja ya kusema. Nilingoja aseme yeye. Mama alikuja hatua tatu akanizaba kofi mbele ya watu wote.

"Nilikwambia nini mimi?" akauliza. "Eh? Nilikwambia nini?"

Shangazi alifunga sufuria yake ndani ya leso. "Mtoto wa namna hii ataniulia vyombo vyote. Kaka, baki naye." Baba, aliyejua vizuri kwamba hakuna mtoto anayeamua peke yake namna ya kuosha chombo cha watu, alitazama miguu yake. Kabla ya adhuhuri shangazi aliondoka na Saumu, binti wa jirani yetu, rika langu. Saumu alinipungia mkono kutoka mtumbwini. Nilimwokotea jiwe.

Kwa siku nyingi sikumsalimu mama ila kwa kulazimishwa. Kisha, miezi kadhaa baadaye, bakuli la baba la enameli nyeupe lilishika madoa ya chai. Nilimwona mama, kwa macho yangu, akitia maji sufuriani na kibonge cha magadi, akalitumbukiza bakuli humo, akaliacha lichemke polepole, akalitoa motoni likapoa lenyewe. Kisha akalipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu. Madoa yakatoka kama utando wa uji. Hapakuwa na mchanga, hata punje. Alijua. Siku zote alikuwa anajua.

Saumu alirudi baada ya miaka miwili. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi na mgongoni alikuwa na alama ya kijiti cha moto. Alikuwa amelea watoto watatu wa shangazi na kuchota maji asubuhi na jioni. Nilimwomba aandike jina lake. Alicheka, akaficha mikono.

Nilikuwa nimeolewa na kuzaa nilipopata ujasiri wa kumuuliza mama. Hakujifanya amesahau.

"Wasichana wote shangazi yako aliowachukua kabla hawakuiona shule, aliwafanya watumishi," alisema. "Ningekataa mimi, baba yako angesema namchukia dada yake. Ilibidi yeye mwenyewe akukatae."

"Na Saumu?"

"Saumu hakuwa wangu," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama? Hata kwa kuninong'oneza?"

"Ungeshindwa kulia vizuri. Nilitaka ulie kweli, aamini."

Basi nililia kweli. Kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni, nimekaa benchi moja na wanawake wenye wajukuu, na kila herufi niliyoishika niliishika kwa hasira. Siku ile mbele ya mama nilitafuta pa kuitua hasira hiyo nikakosa. Shangazi alikuwa amekufa, baba amekufa, Saumu ameolewa mbali wala sijui kama aliwahi kujua alikwenda badala ya nani. Aliyekuwa amebaki mbele yangu ni huyu mmoja aliyeniokoa, naye alikuwa akiniangalia, akingoja nimshukuru. Sikuweza.