Mstari wa Marehemu

Marehemu Abdulswamadu alikuwa mbishi hata kaburini. Kwenye programu ya mizani aliyoandika na mdogo wake Zulfa, pale mtaani Lizaboni, aliweka mstari wa maagizo: namba ikiwa ya ajabu, programu ijizime. Sasa kila wapimaji wakipima mahindi inajizima, inaandika, "Haiwezekani, Zulfa!" Nywele zinamsimama Zulfa.

"Dada, mzimu wa kaka'ko utanifukuzia wateja!" akafoka Ildefonsi, mwenye mashine ya kusaga na hiyo mizani. "Leo isipopona, naing'oa!"

Mstari wenyewe ulikuwa unaizima programu kabla Zulfa hajaiona namba. Akaufuta huku analia. Namba ikatokea, chini ya sifuri. Kumbe wapimaji wanaweka beseni tupu, wanarudisha mizani kwenye sifuri, halafu wanalinyanyua wakachote mahindi, na mizani iliyobaki tupu inashuka chini ya sifuri.

"Beseni tu?" Ildefonsi akacheka.

Programu haikujizima tena. Zulfa akabaki anaikodolea macho, anangoja kaka yake amwite tena.