Alama Kwenye Kochi

Juzi huko Kizota nilimwona fundi akipitisha kiganja juu ya kochi jipya la kitambaa chenye vinyweleo. Vikilala upande huu kinang'aa, vikilala upande ule kinafifia. Hasira ilinipanda, nikaondoka bila hata kumsalimia.

Nilipokuwa mtoto, kochi letu lilikuwa hivyo hivyo, la kijani, lenye harufu ya gundi. Baba alisema ni la wageni. Wageni gani! Hata siwakumbuki. Sisi tulikaa mkekani.

Mchana mmoja upepo ulikuwa unagonga mabati. Mama alirudi kutoka shambani, akaketi kwenye kochi taratibu, akafumba macho. Sikuwahi kumwona ametulia vile. Aliposikia kengele ya baiskeli ya baba, aliinuka haraka, akakipangusa kitambaa kwa kiganja. Hakuwahi kumaliza.

Shikamoo yangu baba hakuiitikia. Alisimama mbele ya kochi, akilikodolea macho.

"Nani amekaa hapa?"

"Labda paka," mama alisema, akitazama chini.

Nilidhani baba ana macho ya kuona yaliyopita. Kumbe kitambaa kile kilitunza alama ya kila aliyekikalia, na leo naamini alikichagua kwa sababu hiyo hiyo. Lakini siku ile niliingia chini ya meza kwa furaha, nikaita, "Nyau! Nyau!" Baba akacheka sana. Mama hakucheka.

Hatukuwa na paka. Kulikuwa na mke wake, amechoka, nyumbani kwake mwenyewe.