Kuvumwani ya Mwalimu Eliécer

Katika ndoa yake yote, Herminda Chaparro hakuwahi kuwa na pango la Krismasi la maana. Majirani walitandika mapango yao kwa kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayotambaa juu ya mawe kule mlimani, na sebule zao zikanukia mvua mpaka Epifania. Yeye aliwekewa unga wa mbao uliopakwa rangi. Ng'ombe, punda na Bikira Maria walisimama juu ya takataka za seremala, kwa sababu mumewe, Eliécer, alikuwa mwalimu wa sayansi.

Mji mzima ulimpenda Mwalimu Eliécer. Lakini mji haukuishi naye. Haukufunua sufuria ya supu ukakuta chura amewekwa humo "kwa muda tu". Haukuchelewa harusi ya mdogo wake kwa sababu nyigu alikuwa anachimba shimo kando ya barabara, na bwana mkubwa hakutaka kuondoka kabla mdudu hajamaliza. Darasa lake lilikuwa mlimani, penye ukungu na baridi ya kukata masikio. Watoto walirudi na matope mpaka mapajani, na mama zao walikwenda kumgombeza nani? Herminda.

Kila mwaka Mwalimu alichukua sponji ya jikoni, akailowesha kwenye chemchemi inayoulisha mji, akawapa wanafunzi waiminye. Kuvumwani, aliwaambia, hufanya hivyo hivyo: hunywa ukungu, kisha huachia maji kidogo kidogo hadi kwenye mabomba yenu. Ukiing'oa, umeng'oa maji. Na kila mwaka Herminda alinunua sponji nyingine.

Eliécer alifariki mwezi wa Agosti, kitandani, dirisha likiwa wazi kwa amri yake. Desemba ilipofika, mjane alijiapiza kwamba safari hii atanunua kuvumwani sokoni kama Mkristo mwingine yeyote, na hakuna wa kumhubiria. Lakini kila alipoikaribia meza ya muuzaji, miguu ilimpeleka kwenye vitunguu. Hilo lilimkera kuliko yote: mtu yuko kaburini na bado anaamrisha.

Siku ya kwanza ya novena, zile sala za siku tisa kabla ya Krismasi, alasiri, alikuwa anakanda maandazi ya jibini gari lilipopiga honi mlangoni. Alishuka Nidia Cely, mwenye duka la mikate, akifuatwa na kundi la watu wazima waliosoma naye kwa Mwalimu. Kila mmoja alikuwa na gunia.

"Mama Herminda, usitukatalie! Mwaka huu pango la mtaa ni hapa kwako. Kwa heshima ya Mwalimu."

"Kwenye magunia kuna nini?"

"Si ile aliyoipenda? Kuvumwani! Tena siyo ya sokoni, Mama. Tumepanda mlima wenyewe mpaka kwenye chemchemi yake. Mawe yote tumeyakwangua, hatujabakiza kitu."

Herminda alishika mwimo wa mlango. "Nidia. Mwalimu alikufundisha nini wewe?"

"Ee, hata leo namwona na ile sponji yake!" Wote wakaangua kicheko cha mapenzi.

"Na sponji ilikuwa ya nini?"

Wakatazamana. "Ya... kuminya," alisema Fermín, dereva, mwanamume mwenye mvi.

"Ya kuminya! Sponji zangu zote zile, baba, ili wewe ujue kuminya!"

Nidia aliinamisha uso. "Lakini Mama, imeshang'oka. Ukiikataa itaoza tu. Si bora Mtoto Yesu ailalie?"

Maneno hayo yalikuwa na ukweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Gunia lilikuwa wazi, na harufu ya sebule ya marehemu mama yake ikampanda puani. Alitumbukiza mkono. Laini, baridi, mbichi. Hakuing'oa yeye. Nani angemlaumu?

Ila alijua jambo ambalo angependa asilijue. Mwaka mmoja Eliécer alimpandisha kulekule siku ya kuzaliwa kwake, warudishe kuvumwani iliyotupwa njiani na wauzaji. Ikiwa mbichi, alimwambia, ikikandamizwa kwenye jiwe lake siku hiyohiyo na kubanwa kwa vijiwe, nyingine hushika. Herminda alimjibu kwamba wake za watu hupelekwa kula kuku.

"Pakieni," alisema.

"Nini, Mama?"

"Hayo magunia. Na mimi nakaa mbele, mgongo unaniuma."

"Sasa hivi? Novena inaanza, Padri ana..."

"Padri atasubiri. Fermín, washa gari kabla sijabadili mawazo, maana natamani sana kuyabadili."

Ukungu ulikuwa umeshuka walipofika. Mawe yalikaa uchi, yamechorwa michirizi ya mapanga. Watu wazima wakapiga magoti, wakaanza kubandika. Fermín alilaza kipande kifudifudi, akachapwa kofi mkononi.

"Kijani juu! Au hilo nalo hukufundishwa?"

"Itashika kweli, Mama?" aliuliza Nidia.

"Yeye alisema hushika. Alisema pia paa letu halivuji."

Saa ya novena iliwakuta hawajafika nusu, na manyunyu yameanza. Fermín akauliza kwa kunong'ona kama sala ya siku ya kwanza ndiyo imeshapotea. Herminda, magoti yamelowa na nywele zimemganda usoni, akaanza kuisali kwa kichwa, kwa sauti ya mtu anayegomba. Wenzake wakaacha kazi, wakavua kofia.

"Itikieni," alisema. "Lakini mikono isisimame."