Kombe la Uncle Siva na Kisu Changu

Wandugu, mimi kuchekwa nimeshazoea, lakini hii aibu nimeificha miaka, hata kanisani wakati wa ushuhuda nimesimama mara nyingi nikataja makosa yangu yote, hili nikaliruka. Leo kwa sababu mmeanza kunisifu eti Mama Aline ni fundi wa samaki, haya, kaeni, iacheni hiyo chai, niwaambie fundi wenu alifanya nini kando ya mto Umgeni mbele ya wazee thelathini wenye kofia.

Mnajua mimi ni wa Uvira. Samaki nimewapaa, nimewakausha, nimewauza tangu sijaota meno ya pili (naongeza chumvi kidogo, lakini si sana), na kisu changu nilitoka nacho nyumbani nikavuka nacho mipaka mitatu kikiwa kimeviringishwa ndani ya kitenge. Hapa Durban nilikuwa nasuka nywele kule sokoni Warwick, na nilipanga chumba cha nyuma mtaa wa Queensburgh kwa mzee mmoja Mhindi aliyefiwa na mkewe, Uncle Siva. Mzee mpole, hana ulevi wowote isipokuwa kuvua. Na si baharini kama watu wengine wa Durban, hapana, yeye ni mtoni, penye maji yaliyotulia, anakaa kwenye kiti cha kukunja kutwa nzima akimngoja samaki mmoja mnene, magamba makubwa, ndevu fupi, wanamwita carp.

Siku moja nikamkuta jikoni anasonga bugali. Nikafurahi, nikasema loo, mzee ameanza kula kama watu. Kumbe anatia vanila! Vanila kwenye bugali, jamani! Nikamuuliza ni chakula gani hicho, akasema ni chambo. Na ilikuwa laini kama uji wa mgonjwa, akiiweka kwenye ndoana inaanguka. Nikamwambia, "Uncle, toka hapo." Nikashika mwiko. Bugali yangu mimi ukiitupa ukutani inarudi. Basi kuanzia wiki ile samaki wakaanza kumjia Uncle Siva mpaka wenzake kwenye klabu yao ya wavuvi wakawa wanamchungulia ndoo.

Sasa sikieni. Kulikuwa na mzee mwingine, Hennie, Kaburu mwenye tumbo, huyo alikuwa anachukua kombe la klabu mwaka hadi mwaka, na Uncle anamfuata nyuma, wa pili, wa pili, miaka kumi na moja. Lakini msimu ule (ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia, vuvuzela bado ziko kila nyumba) Uncle alikuwa mbele kwa pointi, imebaki shindano la mwisho tu, baridi ianze wafunge. Alishasogeza saa ya mezani kwenye kabati la sebule, pembeni ya picha ya marehemu mkewe, akapafuta vumbi pale, pakawa patupu panangoja kombe. Kila nikipita napaona.

"Mama Aline," akaniambia, "Jumamosi twende wote. Bugali ni yako, kwa hiyo kombe ni letu sisi wawili."

Mimi nikabeba jiko la gesi, unga, sufuria, beseni, na pia nyanya, vitunguu na ndimu, kwa sababu nilishawaambia wanakwaya wangu jioni waje tule samaki. Hakuna aliyeniambia hao samaki wataliwa. Lakini hakuna aliyeniambia hawataliwa pia! Samaki anavuliwa afanywe nini kingine?

Kule mtoni kila mtu na kijiti chake chenye namba, wamejipanga ukingoni kimya kabisa, hata kwenye msiba nimeona makelele zaidi. Ukipata samaki unamtia kwenye wavu mrefu uliozamishwa majini, anakaa humo. Kijiti cha Uncle kilikuwa namba ya mwisho. Mpaka saa saba alikuwa na sita, wanene, na Hennie ana watatu. Vuvuzela ikalia, mwisho. Uncle akasema watu wa mizani wanaanzia namba moja, bado wako mbali, acha yeye aende kwenye gari abadilishe shati, alikuja na shati jeupe na tai kwa ajili ya picha.

"Niangalilie samaki wangu," akasema, akaenda.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kazi, na ingekaa tu! Nikawaza, wageni wanakuja na mizani, na samaki wa mzee wako na magamba, na matumbo, na mimi mwanamke wa Uvira nimesimama hapa mikono mitupu? Kwetu mzee akikuachia samaki akarudi akawakuta hivyo hivyo, hakuulizi wewe, anauliza mama yako alikufundisha nini. Nikauvuta wavu. Nikafungua kitenge.

Wandugu, nilifanya kazi. Kabla ya dakika ishirini wote sita tayari, magamba yamenijaa mpaka kwenye kilemba, na kila tumbo nikilipasua nakuta bugali yangu mwenyewe inanukia vanila, nikawa nacheka peke yangu. Nikawachanja vizuri, nikawajaza nyanya, vitunguu na ndimu. Nikanyoosha mgongo nione watu wa mizani wamefika wapi.

Nikaona Hennie anapimiwa samaki wake, wanarukaruka, wanaandikwa, halafu anawamwaga mtoni! Nikasema pole, wamemponyoka. Mzee aliyemfuata naye akamwaga. Wa tatu alimbusu samaki wake kwanza, haki ya Mungu, kwenye mdomo, ndipo akamwachia. Nikamuuliza mzee wa namba iliyo jirani yetu, "Baba, mbona wanawatupa?"

"Hatuwali hawa, mama," akasema, macho yake kule kwenye mizani. "Wanapimwa wakiwa hai, wanarudi mtoni. Aliyekufa hahesabiwi."

Nikaangalia beseni langu. Eish. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mtu mwenye akili angekimbia kumwambia Uncle. Mimi niliwarudisha wote sita kwenye wavu, na nyanya zao tumboni, nikauzamisha, nikawa nautikisa kwa mguu ili waonekane wanaogelea.

Uncle akarudi, shati jeupe, tai, na marashi juu.

"Wako salama?"

"Wametulia, Uncle," nikasema.

Watu wa mizani wakafika, na klabu nzima nyuma yao, Hennie akiwa ameshaanza kumpigapiga Uncle mgongoni kumpongeza. Uncle akauinua wavu kwa mikono miwili. Samaki wa kwanza akateleza nje, mweupe, hana gamba hata moja, tumbo wazi, na kipande cha nyanya kikaanguka, pu, kwenye kiatu cha mwenyekiti. Kisha kitunguu kikafuata.

"Siva," Hennie akasema, "umevua mtoni ao kwenye saladi?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Uncle peke yake hakucheka. Aligeuka akaniangalia, na magamba yangu kwenye kilemba, akasema tu, "Mama Aline." Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamjibu, "Uncle, hata pilipili sijatia."

Mwenyekiti alimwandikia sifuri. Hennie akapewa kombe lake la kumi na mbili, na picha akapigwa yeye. Kurudi nyumbani Uncle aliendesha gari, na kila robot, zile taa za barabarani, tukisimama naiona ile tai, roho inaniuma, machozi yananitoka hovyo. Wanakwaya niliwapigia simu wasije. Nikajifungia chumbani nikaanza kukunja nguo zangu, nikijua nafukuzwa.

Mlango ukagongwa. "Wale samaki wako wapi?"

"Kwenye beseni, Uncle. Nisamehe."

"Nimevua miaka thelathini," akasema, "sijawahi kumwonja hata mmoja. Pika."

Nikapika, nikafunika, nikapakua. Akala wawili, akanyonya kichwa, akalamba vidole. "Thelathini," akasema tena, sasa kwa hasira, na nikajua hasira ile haikuwa kwangu.

Tangu siku ile mtu akiniambia nimwangalilie kitu, naingiza mikono mfukoni, na nikionyeshwa samaki nauliza kwanza, huyu ni wa kula ao wa kubusu?

Lakini hamjasikia yote. Asubuhi yake nilitafuta mfuniko wa sufuria yangu, jikoni hamna, kwenye beseni hamna. Nikaukuta sebuleni juu ya kabati, umesuguliwa unang'aa, umesimamishwa pembeni ya picha ya marehemu, pale palipokuwa patupu. Nikamwomba anirudishie.

"Hapana," akasema. "Hilo ndilo kombe letu sisi wawili."

Mpaka nahama nyumba ile, wali wangu nilikuwa naufunika kwa sahani.