Disko ya Harusi ya Sari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hapa hapa Guangzhou, nilipojiona nimetunga wimbo wa kuitikisa dunia. Nilikuwa msichana wa Tanga, mwanafunzi, nikiishi bweni moja na Sari, binti wa Surabaya. Sari alikuwa anaolewa na kijana wa kwao, katika mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, na wazazi wake hawakuweza kuja.

Akaniambia, "Dada, nipigie disko ya kwetu Indonesia. Mama atatutazama kwenye simu. Nataka aone sikuolewa katika ukiwa."

Nami, ujana! Nilikuwa mraibu wa pakiti za sauti, zile za mtandaoni: vipande vya ngoma, filimbi na besi vilivyokwisha rekodiwa, kazi yako ni kuvipanga kwenye kompyuta. Nikazipata za disko ya Indonesia, nikatia kila kilichomo. Ngoma juu ya ngoma, filimbi zikigombana, ving'ora, hata makofi ya umati. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Sari aliusikiliza wimbo, akatabasamu kwa adabu. Tabasamu lile lilinikata maini.

Nikaenda kwa Bi Mwanaidi, Mzanzibari aliyekuja kununua nguo katika soko la Shisanhang, akatulea sisi wanafunzi kama wanawe. Nikampigia wimbo wangu, akajaribu kuucheza. Bega likaenda huku, kiuno kikapotea njia, akaketi akicheka.

"Viungo vyote umetia, mwanangu. Mchele uko wapi?"

"Basi nitoe nini, bibi?"

"Waniuliza mimi? Kamuulize mwenye harusi yake!"

Kumbe sikuwa nimemuuliza! Sari akafumba macho, akagonga meza kwa vidole: mdundo wa kasi, wenye kusita kidogo kabla ya kuanguka. Ndio mdundo alioupenda mama yake, akiucheza huku anafagia ua. Nikapekua pakiti zangu mpaka nikaipata ngoma iliyofanana nao. Nikaiacha hiyo, besi, na filimbi moja. Mengine yote nikafuta, roho ikiniuma.

Alasiri ya harusi, Bi Mwanaidi aliinua simu juu ili mama yake Sari amwone bibi harusi. Mdundo ukaanza. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akamtupia mumewe simu yake, na mzee wa watu, hajui kuishika, akatuonyesha miguu tu: miguu mitupu ya mama, inacheza! Mgahawa mzima ukalipuka kwa vigelegele. Wapishi wa Kichina walitoka jikoni na miko yao, wakacheza. Sari alilia na kucheza kwa pamoja.

Basi nakuusia, mwanangu. Pakiti tumia, zana haina aibu. Ila kabla ya sauti ya kwanza, jua unamchezesha nani. Na ngoma ikiwa ya watu, waulize wenyewe, maana kuuliza si ujinga. Kisha uwe na moyo wa kufuta.

Mungu akupe sikio sikivu na mkono mwepesi, na popote utakapopiga, asisalie mtu kitini. Amina.